Doa Jeupe Begani kwa Golikipa

Chumba cha picha za gazeti kilinuka siki siku zote, maana filamu za zamani zikioza ndivyo zinavyonuka, na mtunza picha alishazoea. Asubuhi hiyo kilinukia marashi, na humo ndani alikuwa peke yake.

Kazi yake ilikuwa kusafisha picha moja moja kwa pamba yenye maji kabla ya kuziingiza kwenye kompyuta. Ya leo ilimgusa moyo: mumewe enzi hizo, golikipa kijana na mbwembwe zake zote. Picha nyingine ya ujana wake haikuwepo. Begani kwake palikuwa na doa la rangi nyeupe. Mafundi wa gazeti zamani walimfunika hivyo mtu asiyetakiwa, basi akaona ni shabiki tu aliyejipenyeza. Akalifuta.

Jamani, akatokea mwanamke aliyejitanda, mkono begani kwa golikipa. Bendera zote uwanjani zilipepea kulia, nguo yake kushoto.

Akampigia fundi aliyepaka rangi ile, ambaye jina lake lilikuwa nyuma ya picha, sasa mzee mstaafu. Akamweleza alichokiona, na kwamba golikipa yule ndiye mumewe.

"Mwanangu, yule sikumpaka kwa ajili ya gazeti," akanong'ona. "Nilimfungia. Alikuwa anamtaka huyo kijana. Kama bado yumo, mpake upesi. Kama ametoka, mpake mumeo humo pichani, asimwone."

Kuigeukia picha, pale aliposimama mwanamke palibaki nyasi zilizolala. Simu ikaita. Mumewe, kwa sauti ya chini, alisema kuna mgeni sebuleni, mwanamke anayenukia, anadai walipeana ahadi uwanjani, na amekataa kuketi.

Basi akashika brashi na rangi nyeupe, akampaka mume wake wa ndoa, viatu, magoti, glavu, kifua alichokilalia miaka yote hiyo, na kila alipopaka marashi yakazidi kumkaba koo, akalia huku anapaka, akaufikia uso, akamwomba radhi, akaufunika.

Mumewe akapiga tena, anahema. Alisema mgeni alikuwa anamtazama machoni, ghafla akaanza kumtafuta, akapapasa viti vyote, akatoka analia.

Mke alikimbia nyumbani bila hata kufunga ofisi, furaha na woga vimemchanganya. Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni hakuna mtu, chumbani hakuna, jikoni maji yanachemka. Akaita, akaita tena.

"Niko hapa," sauti ya mumewe ikajibu karibu kabisa, na kiganja chake kikashikwa na mkono wenye joto alioujua. "Mbona unanipita tu?"

Akatazama kiganja chake. Kilikuwa kimeshikwa, na mbele yake hapakuwa na mtu.