Vuta, Usiachilie

Ile siku ya ine, alhamisi, magaribi, nilienda kwa jirani yangu mama Simone kulomba majivu. Majivu tu! Kitu batu banatupa. Akanipitishia ndoo juu ya ukuta ya lupango na mukono moya, na ule mwingine anafunga pua.

"Mama Bilonda, ile nyungu yako itatuua na harufu. Na angalia mikono yako bleu! Sawa ya mulozi."

"Asante, mama," nikamujibu. Ningemutukana, lakini kesho nani atanipa majivu? Batu ya mutaa yetu ya Kapata njo vile. Kitambaa yangu banaipenda, mikono yangu banaiogopa, na nyumba yangu hakuna mwenye anaingia.

Ile kazi ya kutia kitambaa rangi, rafiki yangu Odile njo alinifundisha. Nilikuwa namuita yaya, sawa dada mukubwa. Ilikuwa mwaka 1975, Leta, ile serikali, ilikuwa imekataza majina ya bazungu. Mu karatasi alikuwa na jina ingine, mi sikuishika hata siku moya. Unaoza majani yenye inatoa bleu mu mayi ya majivu mupaka inanuka mukojo. Unatumbukiza kitambaa ya americani nyeupe. Ikitoka ni vert, rangi ya majani, sawa sombe. Halafu inakutana na mupepo, na mbele ya macho yako inageuka bleu.

"Mupepo njo inaweka rangi," Odile alikuwa anasema. "Mayi inaleta tu."

Kukamula kunaomba batu babili. Mumoya huku, mumoya kule, munavuta, munasokota. "Vuta! Usiachilie!" Njo neno yake ilikuwa ile. Ukiachilia, kitambaa inaanguka mu udongo, na kazi ya siku kumi imekufa. Kidole moya haiue chawa.

Lakini Odile tumbo ilimuvimba, bakamupeleka mbali kule Sandoa kwa dada yake mwenye anajua dawa. Miezi tatu, hata barua moya. Kila camion ya mizigo ikitoka kule nilikuwa nakimbia kuuliza. Mukendi, bwana yangu, alikuwa mu poste ya busiku, anatumika mupaka asubui kule mu mugodi ya Mashamba, batoto hatukupata. Ncha moya ya kitambaa nilikuwa nafunga ku nguzo ya mulango, nakamula na nguzo. Niliisemesha hata. Usinicheke.

Basi ile magaribi nikatosha kitambaa inje ya nyungu. Vert kabisa. Nikatafuta kamba ya kuifunga.

"Kodi..."

Sauti kidogo. Nyuma ya nyumba.

"Karibu! Karibu sana!" Hata sikuuliza ni nani.

Odile alikuwa amesimama pa mwisho ya lupango. Amekonda, mawee! Pagne moya ya kujifunga, miguu bila viatu. Nikatupa kamba nimukumbatie. Akainua mukono.

"Kitambaa kwanza."

Akashika ile ncha ingine, tukaanza kuvuta. Eh, ile furaha! Nikamuelezea yote ya miezi tatu: kiburi ya Simone, kikohozi ya Mukendi, namna nguzo haicheke hata ukiipigia mazungumuzo. Harufu ikanifikia... haikuwa ya nyungu. Ilikuwa dawa ya kuchemusha, na mashuka ya mugonjwa.

"Camion ilikuacha wapi, yaya?"

Akasokota tu.

Nikaangalia kitambaa. Upande wangu ilikuwa inageuka, polepole, sawa kila siku. Bleu ikatembea mupaka katikati... ikasimama. Nikangojea. Nilisikia pumuzi yangu. Yake, hapana.

Upande wake ilibakia vert.

"Yaya... mbona haigeuke?"

"Huku niko hakuna mupepo," akanong'ona. "Vuta, Bilonda."

Akavuta. Miguu yangu ikateleza mu udongo, hatua moya... mbili. Mutu mukonde vile, nguvu anaitosha wapi? Nyuma yake giza ilikuwa nzito, siwezi kuieleza. Kwetu banatufundisha tangu utoto: mufu hakuye kukutembelea, anakuya kukukamata.

"Vuta. Usiachilie, nakulomba. Usiachilie..."

Nilimupenda ule mwanamuke kuliko ndugu ya damu. Nitasema ukweli: nilifikiri hata kumufuata. Nani angenitafuta mbele ya asubui?

Halafu woga ikanishinda.

Nikaachilia.

Hakulia. Nilisikia tu kitambaa inaanguka... paf. Nikakimbilia mu nyumba, nikafunga mulango, nikakaa chini mupaka Mukendi akarudia. Mu lupango tulikuta kitambaa mu udongo, nusu bleu, nusu vert, na alama ya miguu yangu peke. Mukendi akasema pengine majani ilikuwa ya kuzeeka. Pengine.

Siku tano zikapita. Tata Mukalay, shofere ya camion, akatoka Sandoa. Alitosha kofia mbele ya kunisalimia, nikajua.

"Odile ametuacha," akasema. "Ile siku ya ine yenye ilipita."

"Asubui?" nikauliza. Nilitaka sana aitike.

"Hapana, mama. Magaribi alikuwa angali muzima. Alikuwa anapigania pumuzi. Akashika shuka na mikono yote mibili, anavuta, sawa mutu anatoka mu kisima. Anasema, 'Vuta, usiachilie.' Nguvu ikamurudilia! Akakaa mu kitanda, macho wazi, dada yake akaanza kushukuru Mungu. Halafu akaanguka nyuma. Mara moya. Sawa vile banamuachilia kamba."

Nilikuwa na kikombe ya chai mu mukono. Nikaiweka chini.

Hakukuya kunikamata. Alikuya nimuvute.

"Batu ya kwabo banauliza," Mukalay akasema, "alikuwa anavutana na nani. Wewe njo ulikuwa rafiki yake. Unajua?"

"Hapana, tata," nikamuambia. "Sijui."