Mkondo wa Ukuta wa Kusini

Fundi alikuwa na desturi moja iliyompa sifa: harudishi ubao wa kuteleza mawimbini aliouziba ufa mpaka aujaribu mwenyewe majini. Ndiyo maana jua lilipoanza kuzama alikuwa anashuka mchangani, ubao wa mteja kwapani, akipiga mluzi. Dada yake alikuwa amemwambia atapita karakanani kabla ya giza, wana jambo la kuzungumza. Mluzi ule ulikuwa wa kujipa moyo tu.

Ufuo wao ulikaa kati ya kuta mbili za mawe zilizoingia baharini, moja kaskazini, moja kusini. Kuta hizo zilikusanya mchanga chini ya maji, na mchanga ndio uliosimamisha mawimbi mazuri ya kuteleza. Kando ya ukuta wa kusini palikuwa na mkondo unaorudi baharini. Wazoefu waliutumia kama ngazi: unalala juu ya ubao, unapelekwa nje bila jasho. Asiyeujua ulimmeza. Kwa hiyo walikuwa na sheria moja, mkiingia wawili mnatoka wawili.

Mwaka mmoja nyuma Fundi aliingia na shemeji yake, mume wa dada, mwoka mikate mwenye mwezi mmoja tu wa kujifunza. Yule bwana alikuwa muulizaji. Nipite wapi, nikae vipi, nishike wapi. Fundi akachoka naye, akamwambia apite kusini. Baadaye akamsikia akiita. Mara tatu. Lakini wimbi alilolisubiri msimu mzima lilikuwa linainuka nyuma yake, naye akalipanda. Lilikuwa tamu, Mungu amsamehe. Alipogeuka, hapakuwa na mtu.

Watu walipomuuliza alimwacha wapi, alionyesha kaskazini. Uongo ulimponyoka kwa hofu, kisha akashindwa kuurudisha. Wakatafuta kaskazini siku mbili. Mpaka leo dada yake huketi juu ya ukuta wa kaskazini kila jioni, akiangalia maji yasiyo na kitu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yake ilikuwa imetimiza mwaka. Kila alipomwona dada pale alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha alikwenda kula chakula alichopikiwa na dada huyohuyo.

Leo atasema. Alikuwa ameapa.

Akalala juu ya ubao, mkondo ukamchukua taratibu hadi nje. Huko bahari ilikuwa imetulia. Akaketi, miguu ikining'inia majini.

Kisha ikamjia harufu...

Mkate wa moto.

Upepo ulikuwa unatoka baharini, na huko hakuna tanuri.

Upande wa mawe, mtu ameketi juu ya ubao, amempa mgongo. Mabega yale mapana, ya kukanda unga, Fundi aliyajua.

"Shemeji," sauti ikasema, ya chini, ya mtu asiyependa kusumbua. "Nipite wapi?"

"Kaskazini," akanong'ona.

Maji yakavuta chini yake. Mtu yule akawa karibu zaidi, na hakuwa amepiga maji hata mara moja.

"Shemeji... nipite wapi?"

"Kaskazini."

Karibu zaidi. Mkono ukashika ncha ya ubao wake. Ulikuwa mweupe kwa unga, na unga wenyewe ulikuwa mkavu.

Fundi akaanza kulia. "Kusini," akasema. "Nilikutuma kusini. Nikakusikia ukiita, nikapanda wimbi langu."

Vidole vikaachia.

"Haya," ikasema sauti bila hasira yoyote. "Leo tutoke wote. Ningoje."

Nyuma yao wimbi likainuka, refu, safi kutoka ukuta hadi ukuta. Fundi aliijua sheria. Angeweza kuliacha lipite, akangoja, akatoka na mwenzake kama binadamu. Lakini mikono yake ilikuwa tayari inapiga maji.

Akalipanda.

Nyuma yake akaitwa. Mara tatu.

Alifika mchangani, ubao kwapani. Dada yake alikuwa amesimama pale, viatu mkononi. Alimkosa karakanani, akamfuata. Alikuwa anachungulia baharini juu ya bega la Fundi.

"Mdogo wangu, niliwaona wawili kule nje," akasema. "Mwenzako mbona hatoki?"

Fundi akafungua mdomo. Neno alikuwa nalo, alikuwa ametoka kulisema muda ule ule. Upepo ukavuma, na dada akainua uso, akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeingia jikoni kwake.

"Yuko wapi?" akauliza, taratibu sana. "Umemwacha upande gani?"

Akimwambia kusini, itabidi amwambie na ya mwaka jana. Atamwona jinsi alivyo. Fundi akaangalia miguu yake mwenyewe, aibu ikimchoma hadi masikioni.

Akanyanyua mkono, akaonyesha kaskazini.

Dada akaangusha viatu, akakimbia huko akiita jina la mumewe.

Upande wa kusini, kando ya mawe, mtu aliitika.

Fundi akautazama ubao wa mteja. Kwenye ncha palikuwa na alama za vidole vitano, nyeupe, kavu. Akazifuta kwa kiganja, harakaharaka, kabla dada yake hajarudi.