Taa Zisizokula Betri

Kitu cha kwanza kumshangaza Fundi Waya kilikuwa betri. Haikushuka.

Tangu asubuhi taa zote sita zilikuwa zinawaka, zile nyeupe kali za LED alizozifunga mbele ya pikipiki ya magurudumu manne ya Bwana Ng'ombe, injini imezimwa kabisa, na sasa jua lilikuwa limepita utosini. Akagusa betri kwa ncha za mita. Mita ikasoma kilekile ilichosoma asubuhi. Akaipigapiga kwenye goti, akapima tena. Hakuna kilicholiwa hata kidogo.

Jamani, hapo ndipo mtu angeweka koleo chini akajiuliza. Waya hakujiuliza. Kazi ile ilikuwa imemtoa kijasho wiki nzima, akacheka peke yake kama mwehu.

Bwana Ng'ombe, tajiri wa mifugo mwenye sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya bonde, aliileta pikipiki pamoja na boksi la taa alizozinunua mwenyewe. Waya alimweleza vizuri kwamba koili ya kuchaji ya chombo kile ni ndogo, inatosha taa mbili, tatu kwa kubahatisha. "Kama kazi imekushinda, sema," akajibiwa mbele ya watu, "niipeleke kwa wanaoweza." Maneno yale yakamkaa kooni. Akaweka rilei, akaweka fyuzi, akatoa waya nyembamba akaweka nene, na kila mara taa ziliwaka kidogo, zikapepesa, zikafa pamoja na betri.

Jana yake jioni, mvua ikipiga bati, alipiga magoti mbele ya chombo akafanya wanachofanya mafundi wote: akaanza kuongea nacho. Akakibembeleza. Akakitukana. Mwisho akakipiga kofi kwenye tangi. "Kula popote utakapopata," akafoka, "mradi uwake!"

Taa zikawaka. Kidole chake kilikuwa hakijafika kwenye swichi. Akajiambia labda kiwiko kiliigusa, akazizima, akafunga karakana akaenda kula.

Karakana ilishikana na nyumba. Upande wa pili wa ukuta wa mbao mkewe alishona nguo za watu, na kutwa nzima wawili hao walitupiana maneno kupitia mbao zile. Mwanamke yule alikuwa na mdomo! Cherehani ikinyamaza, ujue anatafuta neno la kumchoma mumewe. Waya hakuwahi kumwambia, lakini siku mkewe akisafiri hakuna kazi iliyomwendea sawa.

"Fundi wangu," mkewe akaita mchana ule, "umeacha mlango wa nyuma wazi? Nasikia baridi."

"Baridi gani na jua lote hili? Huo uzee umeanza."

Akangoja jibu. Siku nyingine lingekuja limenolewa pande zote. Cherehani ikazunguka kidogo, ikasimama, na jibu halikuja.

Kesho yake saa ya ukutani ilisimama. Redio ya mkewe ikafa na betri mpya ndani. Simu zilizochajiwa usiku kucha ziliamka zimezima. Mkewe naye akakaa kitandani, mikono kwapani, mdomo umemkauka, na daktari wa zahanati akapima damu, akasema haoni ugonjwa, apumzike. Apumzike! Mtu aliyekuwa hawezi kunyamaza hata akiwa na sindano mdomoni sasa alijibu kwa kutikisa kichwa tu.

Waya akarudi karakana kuzima taa. Swichi ikabonyea, taa hazikuzima. Akatoa fyuzi. Akafungua betri, akaibeba kifuani mpaka uani, akaiweka juani, akarudi. Zinawaka. Basi akashika koleo akakata waya zote, na ncha zikaning'inia hewani bila kugusa chochote, na zile taa sita zikaendelea kumulika kwa weupe uleule, huku zikivuma kidogo kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo, na karakana nzima ikanuka utambi uliozimwa sasa hivi, ingawa nyumba ile haikuwa na taa ya utambi. Akaangalia kiti. Sponji ilikuwa imebonyea, kama inavyobonyea mtu mzito akikaa, na alipokuwa bado anatazama, ikabonyea zaidi upande mmoja, kama mtu huyo amegeuka kumwangalia.

Alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki ndani. Hakusimama mpaka kwa shangazi yake, mtaa wa tatu, mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya majini na kumkwepa kwa mengine yote.

"Ulisema nini?" shangazi akauliza kabla hajakaa.

Akamwambia.

"Na nani alikuwepo?"

"Hakukuwa na mtu, shangazi."

"Ndiyo. Mtu hakuwepo." Akavaa kandambili zake. "Wewe na mdomo wako! Umemkaribisha mgeni ale popote, sasa unashangaa anakula kilicho karibu?"

Njiani akampa maelekezo kwa sauti ya chini, akigeukageuka kama anayefuatwa. Akae na huyo mgeni karakana mpaka jua lizame. Amwambie hana tena pa kula. "Atakuuliza ale wapi. Atauliza mpaka kichwa kikuume. Usimtajie mtu, umesikia? Hata adui yako. Hata wewe mwenyewe. Akikosa pa kuelekezwa mpaka giza liingie, ataondoka na njaa yake."

"Na mke wangu?"

"Mkeo nitamshika mimi. Wewe shika ulimi."

Jua lilikuwa limeanza kuinama Waya alipojifungia na pikipiki. "Huna tena pa kula hapa," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba, ya aibu.

Mvumo ukakatika. Kisha, nyuma ya mbao, kwenye kiti cha kushonea ambacho hakikuwa na mtu, cherehani ikazunguka mara moja.

"Fundi wangu," ikasema sauti ya mkewe. "Sasa nile wapi?"

Ilikuwa sauti yake kabisa, na ile chembe ya kicheko mwishoni. Waya akauma kidole.

"Umeniita mwenyewe, bwana. Nimewaka, sikuwaka? Niambie basi nile wapi."

"Huna pa kula."

"Ninapo. Nimemaliza miguu. Sasa niko magotini."

Kutoka chumbani shangazi akapiga kelele, "Shikilia, mwanangu! Jua linazama!" na Waya akashikilia, mgongo kwenye mlango, macho ameyafumba lakini weupe ule ukipenya kwenye kope kama hana kope, na ile sauti ikaendelea kuuliza kwa upole, nile wapi fundi wangu, nile wapi, ikimtajia mahali ilipofika, mapajani, tumboni, mbavuni, ikimkumbusha utani wa siku ya kwanza walipokutana ambao hakuna mwingine duniani aliyeujua, na harufu ya utambi ikimjaa puani mpaka akashindwa kuvuta pumzi, na ndipo akamsikia shangazi, yule shangazi asiyeogopa kitu, akilia kwa sauti, "Hapumui! Mama yangu, hapumui!"

Hapo Waya akamwona Bwana Ng'ombe. Alimwona kichwani mwake, kifua kama pipa, sauti kama honi, mtu wa kula ng'ombe mzima akalala usingizi. Yule angeweza kuliwa kidogo, asidhurike.

"Kula kwa atakayekaa kwenye kiti hicho!" akapayuka. "Mwache mke wangu!"

Taa zikazima. Ndani ya nyumba mtu akakohoa, akakohoa tena, halafu mkewe akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya kukwaruza, "Nani amenimwagia maji usoni?"

Waya alilia kama mtoto mikononi mwa mkewe. Shangazi alisimama mlangoni, nguo zimemlowa jasho.

"Ulimtajia mtu?"

"Sikutaja jina la mtu."

Shangazi akavaa kandambili zake. Kisha akaondoka bila kuaga.

Asubuhi cherehani ilikimbia, na mdomo ukakimbia nao. Mumewe alikuwa amelia, sivyo? Tena kwa makamasi! Angewasimulia wateja wote. Waya akaunga waya zake akitabasamu, akarudisha betri. Alikuwa anamngoja yule tajiri aje achukue mali yake.

Aliyekuja alikuwa msichana mwembamba mwenye buti za mpira na mkoba wa dawa.

"Shikamoo, fundi. Mimi ni binti yake Bwana Ng'ombe, daktari wa mifugo. Kumbe baba alininunulia hii, leo ndiyo ameniambia! Sasa ng'ombe akishindwa kuzaa usiku huko bondeni, nitafika." Na kabla Waya hajapata neno akarusha mguu, akakaa.

Taa zikawaka, zote sita, mchana kweupe.

"He! Na sijagusa kitu!" Msichana akacheka. "Lakini fundi, niambie ukweli. Nyingi hivi, hazitanimalizia betri porini?"

Waya akafungua mdomo. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema. "Hazitaimaliza," akasema. "Hizi hazili betri."

Mkewe akatokea mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni, amechangamka. Alipomwona mgeni akasimama. "Mwanangu, mbona unatetemeka?"

"Sijui, mama. Nimesikia baridi ghafla."

"Na midomo hiyo! Shuka, shuka kwanza ukae ndani, nikuchemshie chai." Akaja akimnyooshea mkono, ule mkono uliokuwa na joto tena, na msichana akaanza kuinua mguu ateremke.

Waya akautazama mkono wa mkewe ukikaribia kile kiti.

"Mwache aende," akasema. "Ana safari ndefu."

Mkewe akageuka kumwangalia. Waya hakumwangalia. Aliinama mbele ya msichana, akambonyezea stata yeye mwenyewe.