Toader Anataka Kupanda Mlimani

Kila asubuhi Saveta alimwekea mumewe mito mgongoni, akamletea ugali wa moto na jibini, kisha akafungua dirisha. Toader alikula kidogo tu. Macho yake yalikuwa mlimani, kwenye konde la majani alilolifyeka tangu ujana wake.

Wakati wa baridi alipatwa na mshtuko wa moyo, akaanguka. Alilazwa hospitali, akapata nafuu. Daktari alipomruhusu kurudi nyumbani alimwambia atembee kidogo kidogo. Saveta hakuliamini neno hilo. Moyo ulioumia utatembezwaje? Basi Toader akawa mtu wa kitandani na kitini. Hata viatu alivishwa.

Sasa kiangazi kilikuwa kimeingia. Upepo ulileta harufu ya majani yaliyokatwa, na sauti za majirani wakinoa mafyekeo. Toader akanyoosha kidole dirishani.

"Nataka kupanda kule, Saveta."

"Kule wapi? Juzi ulikwenda chooni tu, ukarudi unahema."

"Nikae ukingoni tu. Ninuse majani."

"Nitakuletea fungu hapa, unuse mpaka uchoke."

Toader akageukia ukuta.

Mchana ule alikuja jirani yao, Rafila. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya mjini, akiwafundisha wagonjwa wa moyo mazoezi. Akaitazama miguu ya Toader. Ilikuwa imekonda kama ya mtu mwingine.

"Nani amekwambia ulale tu, kaka Toader?"

"Muulize askari wangu," Toader akajibu, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Nampumzisha," alisema Saveta. "Mimi ndiye niliyemwona alivyoanguka, Rafila. Wewe hukumwona."

Rafila hakumcheka. Alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Siku za mwanzo ulifanya vizuri, dada. Lakini moyo ni msuli, na msuli usiotumika hulegea. Miguu nayo ikilegea, hata safari ya chooni huwa kazi kubwa kwa moyo. Ndiyo maana anahema. Mtu akitembea kila siku, damu hupita vizuri, presha hushuka, hata usingizi huja wenyewe."

"Na akianguka tena?"

"Kwanza mrudi kwa daktari ampime. Dawa zake asiache. Halafu aanze polepole, atembee huku anaongea. Akishindwa kuongea, apunguze mwendo. Kifua kikimbana, asimame, akae. Kisipoachia upesi, ita gari la wagonjwa, usingoje."

Daktari alimpima, akakubali. Toader akaanza kwa kwenda getini. Miguu ilitetemeka, akarudi amenuna.

"Nimekuwa mzee kabisa," alisema.

"Umekuwa mvivu," Saveta akamjibu. "Na mimi ndiye niliyekufundisha."

Kesho yake wakatoka tena. Wiki zikapita, akafika kisimani, kisha kanisani. Akawa anainuka kitini bila kushika kitu. Lakini majani ya kwanza yalifyekwa bila yeye. Kila jioni alisimama barabarani akiyatazama malundo yale ya mbali, mpaka Saveta alipomwita kula.

Mwisho wa kiangazi majani yalikuwa yameota tena. Siku ya kuyafyeka, walipanda wote wawili. Njiani Saveta ndiye aliyeomba kupumzika.

"Nimekaa nawe ndani miezi yote hii," alisema akihema. "Na mimi miguu imelegea."

"Basi kila siku tutatoka wote," alisema Toader, akamngoja.

Walipofika, Toader hakuhitaji kushikwa mkono. Alisimama katikati ya majani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Fyekeo alikuwa bado amekatazwa, kwa hiyo akachukua reki. Wakakusanya majani taratibu, yeye na mkewe, mpaka kivuli cha mlima kikawafikia.

"Umechoka?" Saveta akauliza.

"Nimechoka," alisema Toader, uso umemkunjuka. Ulikuwa uchovu wa kazi. Alikuwa ameukosa kwa muda mrefu.