Ndoo na Mfuniko Wake

Asubuhi ya Jumamosi duka la vyombo vya plastiki lilifurika watu, na ndoo ya lita thelathini yenye bomba kwa chini ilikuwa imebaki moja tu. Dada mmoja akaudaka mfuniko. Kaka mmoja akaidaka ndoo. Wakamgeukia muuzaji awaamulie.

Muuzaji alikuwa na foleni inayofika mlangoni. Hakuinua hata kichwa. "Ndoo na mfuniko haviuzwi mbalimbali," alisema. "Elewaneni huko pembeni."

Wakaenda pembeni kuelewana.

Dada alivaa sare ya buluu iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, na kitambaa cha manjano kichwani. Alikuwa msimamizi wa waosha vyombo katika jiko la hoteli, na wenzake walimwita Maji Matatu, kwa sababu hakuna sahani iliyopita mikononi mwake bila kusuuzwa mara tatu. Kaka alikuwa fundi wa majokofu: ovaroli la kijivu, koleo mfukoni, na tabasamu la mtu anayejua kwamba analo. Akaeleza kuwa ndoo anaitaka kwa ajili ya kupika bia nyumbani. Maji Matatu akasema amesikia wanaume wakitoa visingizio vingi, ila hicho ni kipya.

"Nikikuachia, nitajuaje kama ndoo yangu iko salama?"

"Chukua namba. Uwe unaipigia."

"Naipigia ndoo?"

"Mimi nitaipokelea."

Jioni ile ile akapiga. "Ndoo yangu inaendeleaje?"

"Imeshiba, imetulia. Inakuulizia."

Kesho yake akapiga tena, na keshokutwa, na baada ya wiki mbili wala haikutajwa ndoo. Mapenzi yao yalianza hivyo, na miezi miwili ikapita kama wiki. Maji Matatu ndiye aliyempelekea mpishi mkuu wa hoteli chupa moja ya bia ya Fundi. Mpishi mkuu akaonja, akaonja tena. Akasema aletewe ndoo nzima mwisho wa mwezi. Ikiwa nzuri kama chupa hii, hoteli itamwajiri Fundi awe mpika bia wake, aachane na kubeba majokofu mgongoni kupanda ngazi. Usiku na mchana Fundi hakuwa na wimbo mwingine.

Siku ya kupika ndoo hiyo, Maji Matatu alifika nyumbani kwa Fundi amevaa gauni la maua, midomo imepakwa mafuta, moyo mweupe. Akakuta viatu vyekundu vya kisigino mlangoni.

Mwenye viatu alikuwa jikoni. Aliuza vifaa na dawa za wapika bia, na Fundi alimwita Mkemia. Alikuwa na nywele fupi, hereni ndefu na gauni jeupe, na mkono wake ulizama ndani ya ile ndoo mpaka kwenye kiwiko, povu limemfika juu kama glavu ya bibi harusi. Fundi alisimama kando akimsikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza. Mkemia alikuwa akieleza kwamba kuosha ni kazi moja na kuua vijidudu ni kazi nyingine. Sabuni imeshapita, maji yameshapita, sasa ni zamu ya dawa: lowesha kila mahali, fungua na bomba ipite, subiri dakika mbili, mwaga.

"Halafu usisuuze, mpenzi," akamalizia. "Povu likibaki, liache. Halidhuru bia. Maji ya bomba ndiyo yanayorudisha wadudu."

Maji Matatu hakusikia habari za wadudu. Alisikia mpenzi.

Akasema, kwa sauti ya upole kupita kiasi, kwamba kule anakofanya kazi chombo chenye povu hakiitwi safi. Mkemia akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Huyu ni wa masufuria," akamwambia Fundi, akicheka. "Mwache tu."

Na Fundi, maskini, naye akacheka. Hakucheka sana, ila kiasi hicho kilitosha.

Wakatoka wote wawili kwenda uani, ambako dada yake Fundi alikuwa akilinda sufuria kubwa ya shayiri iliyochemshwa, imekalishwa kwenye beseni la maji baridi ipoe. Jikoni akabaki Maji Matatu na ndoo, na povu jeupe likimcheka kutoka ndani. Kupitia dirishani akaona Mkemia amemshika Fundi bega ili avue kiatu chake chekundu kilichoingia maji. Maji Matatu akafungua bomba la maji. Akasuuza mara moja, akasuuza mara ya pili, na mara ya tatu akasugua na kwa kiganja, kisha akakausha kwa taulo la jikoni. Alijiambia ni usafi. Usafi ulikuwa theluthi moja. Zilizobaki zilikuwa wivu, na alizijua kwa majina.

Siku kumi baadaye Fundi akafungua mfuniko. Juu ya bia palikuwa na utando mweupe uliokunjamana, na harufu ya siki ikajaa chumba kizima. Akasimama pale akiwa ameshika mfuniko kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Kisha akachukua chupa ya dawa, akaenda nayo moja kwa moja kwa mwenye duka alikoajiriwa Mkemia, akaigonga mezani mbele ya wateja na kusema wanauza maji ya rangi. Mkemia akaondolewa kaunta siku hiyo hiyo, akapelekwa stoo kuosha chupa.

Maji Matatu alizisikia habari hizo kwa dada yake Fundi, kwa simu. Kwa siku tatu alilala vizuri. Ya nne Fundi akaja hotelini, akaiweka ndoo miguuni pake na mfuniko juu yake.

"Chukua ndoo yako," alisema. "Dawa au si dawa, mikono yangu haifai. Mwambie mpishi mkuu asisubiri."

Akaondoka bila tabasamu, na bila lile tabasamu alionekana mfupi.

Tangu hapo akawa hampigii mtu simu. Jioni moja dada yake Fundi akapiga tena, kumuuliza ana nini siku hizi, mbona amekuwa mkimya.

"Wifi, yule Mkemia anamwita kaka yako mpenzi tangu lini?"

"Kila mtu anaitwa mpenzi. Hata yule mzee anayeleta mitungi ya gesi. Mbona unauliza sasa, wifi? Hukuuliza siku ile."

Kweli, siku ile hakuuliza.

Wiki iliyofuata chumba cha baridi cha hoteli kiliharibika, na fundi aliyeitwa ni yule yule. Maji Matatu akamfuata ndani, akafunga mlango. Pumzi zao zilionekana.

"Dawa haikuwa mbovu," alisema. "Niliisuuza ndoo mimi."

Fundi hakuacha kufungua skrubu. "Mara ngapi?"

"Tatu."

"Ulimsikia anasema usisuuze."

"Nilimsikia. Nilimsikia pia anakuita mpenzi, na nikakuona unacheka nilipoitwa wa masufuria. Sikutaka bia iharibike. Nilitaka kila kitu alichokigusa kitoke."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Kucheka, nilikosea. Lakini wewe ulinyamaza, mimi nikaenda kumvunjia mtu heshima mbele ya watu. Kwa hilo sijui nikwambie nini." Akamaliza kazi, akakusanya vifaa, akatoka.

Kesho yake Maji Matatu akaomba ruhusa kazini. Akaenda kwenye lile duka, akasubiri mpaka kaunta ijae wateja, akamwambia mwenye duka mbele yao wote kwamba dawa ni nzima na aliyeharibu ni yeye. Mkemia aliitwa kutoka stoo, hereni hana, mikono imelowa. Hakumkumbatia mtu. Alisema tu, "Umechelewa," akavaa koti jeupe la dukani na kurudi kaunta.

Siku kumi na mbili simu haikulia. Ya kumi na tatu, saa tisa mchana, ikalia.

"Ndoo yangu inaendeleaje?" aliuliza Fundi.

Maji Matatu akakaa chini kwanza. "Ina njaa. Inakuulizia kila siku."

"Mpishi mkuu amekubali kusubiri mwezi mwingine. Na mwenye duka amenisimulia mambo yako. Lete ndoo."

Akaileta. Dada yake Fundi alikuwa ameshachemsha shayiri, akaipeleka uani ipoe, akimwambia wifi yake ajihadhari na bomba. Jikoni Fundi akampa Maji Matatu chupa ya dawa, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono.

Maji Matatu akapima dawa, akalowesha ndoo na mfuniko, akafungua bomba la ndoo dawa ipite, akahesabu dakika mbili, akamwaga. Povu likabaki, nene, limekaa kama mgeni asiyeaga. Mkono wake wa kulia ukaanza safari yenyewe kuelekea kwenye maji. Akaukamata kwa wa kushoto, akaificha yote miwili mgongoni.

"Bado una wivu?" Fundi aliuliza.

"Ninao wote. Ila sasa nitauliza kwanza."

Fundi akaichukua ndoo, Maji Matatu akabaki na mfuniko, povu likiwachuruzika wote wawili mpaka viwikoni. Wakatazamana.

"Yule muuzaji alisema haviuzwi mbalimbali," alisema Fundi. "Nimemfikiria sana yule muuzaji. Nataka nije kwenu na dada yangu, aseme hivyo hivyo."

Kabla Maji Matatu hajajibu, simu ya Fundi ikalia mezani, na kwenye kioo lilitokea jina la Mkemia. Fundi akaganda. Maji Matatu akaubana mfuniko kwapani, akaipokea kwa kidole chenye povu.

"Hapana, dada, sijasuuza," alisema. "Povu lipo, naliona, linaniudhi, nimeliacha." Akasikiliza kidogo. "Amani tu. Yupo hapa, anasubiri jibu langu. Lakini dada yangu, kuanzia leo, huyu mwite shemeji."