Nani Anazima Friji la Reginald?

Nilisukuma mlango wa stoo, nikamkuta shemeji yangu amesimama mbele ya friji la marehemu mume wangu.

Mkononi ana panga.

Plagi imechomolewa, iko sakafuni.

"Ebenezer, umefanya nini?"

Aliniangalia mimi, kisha akaliangalia panga, kama mtu aliyesahau kuwa amelishika.

"Nilikuwa nafyeka ua, shemeji. Nimeingia kutafuta tupa ninoe."

Sikumwamini. Hata wewe unayesoma usingemwamini. Ngoja nikueleze kwa nini.

Mume wangu Reginald alikuwa fundi friji pale Levolosi. Mapafu ndiyo yaliyomwondoa, akiwa kwenye mashine ya oksijeni. Tulimzika kwao Kibosho, kisha mama yake, Mama Kandida, akaja kukaa na mimi hapa Moshono ili nisibaki peke yangu. Ebenezer ni mdogo wake Reginald, anatutembelea.

Mtoto hatukujaliwa. Alichoniachia Reginald ni friji la vioo, lile la kuuzia soda, limejaa mimea inayokula wadudu.

Ndiyo, inakula. Ncha za majani yake huvimba na kuwa kama mabirika yenye mfuniko. Inzi akiingia, hatoki.

Asili yake ni milima mirefu huko Asia, na joto ni adui yake. Mchana inataka ubaridi kama wa Arusha mwezi wa saba, usiku inataka baridi kuzidi hapo. Ndiyo maana aliifungia kwenye friji, akaiwekea taa, feni ndogo na kipampu cha kupuliza ukungu.

Birika moja lilikuwa halijafunguka. Alilisubiri tangu likiwa dogo kama kichwa cha njiti.

Siku zake za mwisho aliniomba jambo hilo tu.

"Naisula, usiache lipate joto. Likifunguka, liangalie kwa niaba yangu."

Nikawa naishi kwa ajili ya hilo birika.

Halafu friji likaanza kuzimika...

Narudi jioni kutoka dukani kwangu, nakuta vioo vinatoka jasho, ndani kuna joto kama gari lililofungwa juani. Mara ya kwanza nikasema ni umeme. Lakini redio ya jirani ilikuwa inaimba. Nikaona plagi imechomolewa, nikachomeka. Baada ya siku chache, tena. Majani yakaanza kuwa meusi pembeni.

Kuna mtu alikuwa anaiua mimea ile, polepole.

Na kule Kibosho watu walishanong'ona. Mmea unaokula viumbe umewekwa ndani ya nyumba, mwenye nyumba akakosa pumzi. Wengine walisema huyu mke Mwarusha amenyamaza sana, lazima kuna analolijua. Ebenezer yeye alitamka mbele ya wazee kwamba angepewa nafasi, yale majani angeyachoma moto.

Sasa umeelewa.

Nilimwambia atoke, asirudi mpaka nimwite.

Alifika mlangoni, akageuka.

"Majani yako siyapendi, shemeji, sikufichi. Lakini sijayagusa. Mnaolala humu ndani mko wawili tu."

Akaondoka.

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Hakuuliza zile kelele ni za nini. Hakuinua hata macho. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Kesho yake niliaga naenda dukani. Jua lilipokuwa kali nikarudi kupitia uani, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Dirisha la stoo lilikuwa wazi.

Mama akaingia, peku, kanga mabegani.

Akasimama mbele ya friji. Akaweka sikio kwenye kioo. Akakaa hivyo muda mrefu, macho ameyafumba.

"Pumzika sasa, baba," alinong'ona. "Inatosha."

Akachomoa plagi.

Niliingia. Hakushtuka.

"Mama... kwa nini?"

"Chumba changu kimepakana na hiki. Wewe unakwenda dukani, mimi nabaki nalo mchana kutwa. Linapumua, Naisula. Linavuta, linanyamaza, linavuta tena. Ni ile mashine yake ya oksijeni. Namsikia mwanangu anahangaika nyuma ya ukuta, nami siwezi kumsaidia. Nikichomoa, anapumzika."

Kipampu cha ukungu. Fsss... kimya... fsss.

Ndugu zangu, ukweli ni kwamba nilikuwa nalala mlango wa stoo ukiwa wazi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Sauti ile ile iliyokuwa inanibembeleza mimi ndiyo iliyokuwa inamtesa yeye.

"Ungeniambia, mama."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa umebaki na hilo tu."

Plagi ilikuwa chini, katikati yetu. Nilijua joto la mchana ule litafanya nini kwa birika.

Sikuchomeka.

Nilimpigia Ebenezer, nikamwomba radhi, nikamwomba na gari. Alikuja na pikapu ya rafiki yake.

"Radhi yako nitaila na ndizi za mama," alisema. "Sasa shika huku."

Tuliipeleka mimea Ilkiding'a kwa kaka yangu Lemburis, juu kabisa karibu na msitu, ambako Mlima Meru unatoa baridi na ukungu bila umeme wa mtu. Lemburis aliikagua akiwa mbali kidogo, akauliza kama haitamla ndama wake.

Mimea mingi imepona. Birika lile halikufunguka. Lilikauka na mfuniko wake. Nililia kuliko siku ya mazishi.

Msiba ukiingia nyumbani, kila mtu anaubeba kivyake. Kabla hujatafuta adui, muulize unayeishi naye anaumia wapi. Mimi nilimlinda aliyekufa, nikamsahau aliye hai chumba cha pili.

Reginald, nisamehe. Sikuliona likifunguka.

Lakini mama yako sasa hivi amelala.