Mtu Aliyening'inia Kwenye Paa

Kila jioni, akishaosha vyombo, Siwema hupanda juu ya ghorofa lao la Kariakoo kuanua nguo. Siku hizo alipanda mbio. Baba yake, muuza mitumba wa Mchikichini, alikuta darubini ndani ya belo la nguo, akamletea. Mwanzoni Siwema hakuona kitu ila giza. Alipojifunza kuilenga polepole akaupata mwezi, mviringo, umejaa mashimo. Lo! Alifurahi mpaka akasahau nguo kwenye kamba.

Jioni moja, baada ya Magharibi, umeme ulikatika. Spika za madukani zikanyamaza ghafla, mtaa ukawa kama umehamwa. Siwema aliiteremsha darubini kidogo kutoka mwezini, ikatua kwenye paa la mwisho wa mtaa.

Palikuwa na mtu mwenye vazi jeupe ananing'inia, miguu juu, kichwa chini. Chini ya kichwa hapakuwa na kitu ila anga tupu. Wala hakuanguka. Alitembea taratibu, akasimama, kisha akageuza uso kwenye mbalamwezi. Alikuwa Bi Mgeni, muuza vitumbua!

Siwema alishuka ngazi mbio. Chini alimkuta rafiki yake, Vicky.

"Bi Mgeni anatembea kichwa chini miguu juu. Nimemwona! Usimwambie mtu."

"Haki ya Mungu, simwambii mtu," akasema Vicky.

Asubuhi mtaa mzima ulijua. Bi Mgeni alitoka Lindi miaka mingi iliyopita, akaishi peke yake, si mtu wa maneno mengi, na watu wakaona hiyo ndiyo dalili ya uchawi. Vitumbua vyake vikadoda. Mtu akamwaga chumvi mlangoni pake. Mwenye nyumba akamwambia atafute chumba kwingine. Mama wa watu alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, anatazama wateja wanavuka barabara kumkwepa.

Baba aliporudi kutoka kazini alimwita Siwema. "Maneno haya yameanzia kwako?"

"Ndiyo, baba. Nilimwona kwa macho yangu."

"Uliangalia tena?"

"Hapana, nilikimbia."

"Twende juu."

Jua lilikuwa linazama. Siwema aliogopa hata kusogeza jicho. Alipochungulia, paa lile lilikuwa halina mtu, lakini tangi la maji nalo lilining'inia kichwa chini, na hakuna tone lililomwagika. Akaigeuza darubini kwenye barabara ya mbali. Bajaji zilikwenda magurudumu juu. Wapagazi walisukuma mikokoteni juu chini.

"Baba! Kila kitu kimepinduka!"

Baba akachungulia, akaguna. "Kumbe hii ya kutazamia nyota inapindua. Mwezi ni duara, usingegundua. Sasa Kariakoo nzima ni wachawi?"

Siwema hakucheka. Machozi yalimtoka. Alibeba darubini yake mpaka mlangoni kwa Bi Mgeni, akapiga magoti mbele ya majirani.

"Shikamoo, bibi. Nimekusingizia. Darubini ndiyo inapindua, si wewe. Nisamehe."

Mama Vicky alikuwa wa kwanza kuchungulia. Akapiga ukelele: mume wake alikuwa anakuja toka mwanzo wa mtaa, kichwa chini, na mkate mkononi. Watu wakaangua kicheko. Mwenye nyumba akachungulia pia, akakohoa, akasema habari za kuhama ziishe. Kisha akaomba vitumbua.

Bi Mgeni hakucheka. Alimwinua Siwema.

"Marahaba. Nilipanda kuanika vazi langu jeupe la kusalia, mwanangu. Macho yako hayana kosa. Kosa ni kukimbilia kusema kabla hujaelewa. Ukiona jambo la ajabu, litazame tena, uulize, ndipo ufungue mdomo. Jina la mtu likishachafuka, halifuliki kama kanga."

Mwezi ulikuwa umechomoza juu ya mabati. Siwema akaulenga kwa darubini, akampisha. Bi Mgeni akautazama.

"Na huu nao umepinduka?"

"Ndiyo, bibi."

"Wenyewe una raha," akasema. "Hauna majirani."